Mabega Yaliyompeleka Mama Kabanga

Baba yangu aliitwa Baranyikwa, mzaliwa wa Busunzu katika nchi ya Muhambwe, ambayo siku hizi watu huiita Kibondo na kumaliza. Mama yangu aliitwa Nyabenda, mzaliwa wa Buyungu, upande wa kaskazini, akaletwa Busunzu kuolewa. Mimi nilizaliwa Busunzu, katika nyumba ya nyasi iliyotazama bonde. Sikusoma. Shule ilikuwa mbali na mbuzi walikuwa karibu, na baba akaona mtoto wa kike afuate kilicho karibu. Basi maneno haya ni yangu na herufi ni za mjukuu wangu Eliya, mtoto wa binti yangu. Eliya, andika ninavyosema. Usiyapambe, na usitabasamu unapoandika.

Kilichonifungua kinywa ni simu yako. Ulinionyesha watu wanaopanda milima ya Himalaya, huko Nepali, wakitembea siku nyingi ili wafike kwenye kambi iliyo chini ya mlima mkubwa kuliko yote duniani. Nikawaona wageni wenye fimbo na makoti mazito, na mbele yao wenyeji waliobeba mizigo kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Ukacheka ukaniuliza, "Bibi, wewe ungefika?" Lakini macho yangu yalikuwa yameshamkamata mtu mmoja mfupi, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akishuka mawe akiwa amembeba mgongoni mgeni aliyeugua. Alikuwa akishuka magoti yakiwa yamepinda kidogo, mguu ukigusa jiwe kabla ya kuliamini. Nikakuambia urudishe picha. Ukairudisha. Nikakuambia tena. Ukaniuliza kama ninamjua. Simjui, lakini mwendo ule ninaujua. Ninyi wa rika langu mtakaosomewa haya, mliokulia milima hii kabla ya lami, nanyi mnaujua.

Mama alijikata kwa jembe juu ya kifundo cha mguu, siku za kupanda maharage. Kidonda kilikuwa kidogo, naye alikifunga kwa majani akaendelea kulima. Kisha mguu ukaanza kuvimba, ukang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli, na homa ikamlaza. Harufu ya kidonda kile ilijaa nyumbani hata maziwa yakaonekana kuwa nayo. Shangazi, dada yake baba, ambaye sisi tulimwita Senge kama ilivyo desturi, alikuja kumwuguza. Kila asubuhi alichukua masizi ya chungu kwa kidole akachora mstari pale uvimbe ulipofika. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya goti. Uliofuata ukapita goti. Nilimsikia akimwambia baba nje ya nyumba, "Ukifika kinena, kaka, usinitume tena kuchora. Tutakuwa tumeshamzika." Baba akauliza ni wapi wanaweza kuuzuia. Senge akasema, "Kabanga, kwenye hospitali. Kwingine sijui."

Kabanga iko ng'ambo ya Kasulu. Kati yetu na Kabanga palikuwa na mto Malagarasi, na pori la mbung'o, na Makere, na miinuko isiyo na idadi. Gari tulikuwa tumewahi kulisikia tu. Baba akapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi akaita mara moja, kwa sauti ile ndefu ambayo haimwiti mtu kwa jina. Kabla jua halijapasha umande, wanaume wa kilima chetu walikuwa uani, kila mmoja na majani ya mgomba aliyoyakunja kwa ajili ya bega lake. Walileta ingobyi, yaani machela yetu ya matete yaliyosukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kubebea. Ilikuwa ya kilima kizima. Ilimbeba bibi harusi, ilimbeba mgonjwa, ilimbeba na maiti, na ilipokuwa haibebi mtu ilitundikwa ukutani kwa mtu mmoja aitwaye Ntakije.

Huyo Ntakije ndiye ninayetaka umwandike vizuri. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na sauti ya kukwaruza, na hakuna aliyemwona akicheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye njia: wabebaji wangebadilika, yeye asingebadilika mpaka mgonjwa akabidhiwe. Alimlaza mama ndani ya machela, kisha akaweka kibuyu cha maji, kilichokatwa mdomo, ubavuni mwake karibu na bega. Mbebaji mgeni alipoingia chini ya mti, Ntakije hakumtazama usoni. Alikitazama kibuyu. Maji yakimwagika alimtoa.

"Wewe," alimwambia kijana mmoja mwenye misuli, "unabeba mtu au unatwanga muhogo?"

"Njia ni mbaya, baba."

"Njia haina magoti. Wewe unayo. Yakunje."

Nami nilichukuliwa kwa sababu mama aliniita. Baba hakutaka, alisema mtoto atachelewesha. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Basi niacheni nami," na baba akasogea kunipisha. Nikapewa kikapu cha viazi vitamu vilivyochomwa, na Senge akabeba chungu chenye makaa yaliyofunikwa kwa majivu, ili tusikose moto.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyokwenda. Watu wa kilima chetu walibeba mpaka kwenye kijito kinachotutenga na majirani. Huko tuliwakuta watu wengine wamekwisha kusimama, kwa maana sauti ya baba ilikuwa imepokewa kilima kwa kilima. Hawakuuliza mgonjwa ni nani. Hawakuuliza anaumwa nini. Waliingia chini ya miti wakati machela ikiwa bado juu, bega la huku likitoka na bega la huku likiingia, na mama hakushushwa chini. Wetu wakanawa miguu kijitoni wakarudi kwenye mashamba yao. Ikawa hivyo kila mpaka. Mtu aliyekuwa akichonga mpini aliuacha ukiwa nusu. Mtu aliyekuwa akila alitoka na tonge mdomoni.

Na baba yangu hakusema asante kwa yeyote. Jambo hili lilinichoma. Nilikuwa nimefundishwa kwa fimbo kushukuru hata kwa kuelekezwa njia ya kisimani, na hapa watu walitoka jasho kwa ajili ya mama yangu, baba akawapita kama miti. Nikadhani huzuni imemfanya kuwa na kiburi. Mwishowe, kwenye kitongoji kimoja tulichopumzika, nikaamua mimi mwenyewe kuirekebisha aibu yetu. Nikapiga magoti mbele ya wabebaji waliokuwa wakiondoka, nikapiga makofi ya heshima, na nikafungua kinywa. Senge akanifunga kinywa kwa kiganja chake chote.

"Unataka kuikata safari?" akaninong'oneza. "Asante husemwa wakati wa kurudi. Ukiisema sasa, umesema tumefika."

Sikumwelewa. Nilijua tu kwamba kiganja chake kilinuka majivu.

Porini wabebaji waliokuja kutoka kitongoji cha mwisho walilazimika kwenda mbali zaidi, maana hapakuwa na watu wa kuwapokea. Mbung'o walituuma kupitia nguo. Senge alitia magome mabichi juu ya makaa akatembea kando ya machela ili moshi umfunike mama, naye alikohoa yeye mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, asiondoke kwenye moshi ule. Wabebaji hawakuimba. Walitoa mguno mmoja mfupi kila walipobadili bega, na mguno huo ndio uliokuwa wimbo. Tulilala kwenye vibanda vya warina asali. Kulipopambazuka, Senge alichora mstari mwingine wa masizi, na sikuhitaji kuambiwa kitu, kwa maana ulikuwa katikati ya paja. Siku hiyo mama hakusema neno. Alinitazama, kisha alitazama mbingu, kisha hakutazama chochote.

Tulivuka mto kwa mtumbwi, na ng'ambo tukakuta mabega mapya. Asubuhi iliyofuata ndiyo asubuhi ninayotaka kuieleza bila kuharakisha.

Kulikuwa na ukungu mzito. Mwiba uliniingia mguuni, nikaketi kuutoa, na machela ikanitangulia. Mbele yangu palikuwa na mteremko mkali unaoshuka bondeni, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na kitongoji ambacho watu wake ndio wangetupokea. Ni lazima mjue kwamba kwetu mtu aliye hai hubebwa kichwa kikitangulia, na aliyekufa hutangulizwa miguu. Hili nililijua kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimemwona babu yangu akitolewa nyumbani kwa namna hiyo, na nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba maiti huondoka kwa miguu yake. Ambacho sikukijua ni kwamba penye mteremko mkali Ntakije alikuwa na desturi ya kuamuru, "Geuzeni!" na wabebaji wakaizungusha machela, ili kichwa cha mgonjwa kibaki upande wa juu na damu isimshukie usoni.

Nikatoka kwenye kona. Ukungu ukapasuka. Nikaiona miguu ya mama yangu ikitangulia.

Nililia. Sikulia kama mtoto aliyechomwa na mwiba. Nilitoa kilio kile cha msiba ambacho wasichana wa kwetu hujifunza kwa kusikia, kinachoanzia juu na kushuka. Bonde likakichukua. Kabla Senge hajanifikia, ng'ambo ya pili wanawake walikuwa wamekipokea na kukiitikia.

Tulipopanda upande wa pili tuliwakuta wamesimama njiani, mikono kichwani. Wanaume walikuwapo, lakini mabegani mwao hapakuwa na majani. Mbele yao alisimama mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye kiko kinywani, na ilionekana wazi kwamba hapo yeye ndiye anayesema.

"Poleni," alisema. "Poleni sana. Sasa rudini naye kwao. Maiti hulala kwao. Hatuwezi kuipitisha ikazidi kwenda mbali."

"Yu hai," baba akasema.

"Pole, baba."

"Nimesema yu hai! Mtoto aliona vibaya."

"Mtoto amelia kilio cha mama yake, na wewe unataka nimwamini nani? Mwanamume aliyefiwa husema hivyo hivyo. Mume wangu alipokufa, kaka yake alimpa maji mpaka jioni."

Wabebaji tuliokuja nao walikuwa wamefika mwisho wa nguvu zao na mwisho wa nchi yao. Miti ilikuwa ikitetemeka juu ya mabega yao. Kama watu hawa wasingeingia chini yake, njia ilikuwa imekatika pale pale, na Kabanga ilikuwa bado mbali. Baba alianza kupaza sauti. Ntakije akamshika mkono.

"Mama," akamwambia yule mwenye kiko, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "tumpimeje?"

Yule mama alifikiri, akivuta kiko. Kisha akasema, "Maiti haiitikii salamu. Nitamsalimu. Akiniitikia, tutambeba mpaka kule mnakokwenda."

Akaja mpaka kando ya machela, akainama, akapiga makofi polepole kama inavyompasa mtu mgeni, akasema, "Mwakeye, mama." Umeamka salama.

Mama hakujibu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa matete, na nikaona nzi ametua kwenye kope yake asimfukuze.

"Mwakeye," alirudia yule mama.

Midomo ya baba ilianza kusogea. Ntakije akamkazia mkono. "Usimwitikie wewe," akasema. "Salamu si yako."

Nilisikia maji ya kibuyu yakigonga ukingo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mabega yaliyokuwa chini ya mama yalikuwa yakitikisika. Ndipo koo la mama likapanda na kushuka, na sauti ikatoka, kavu kama maganda ya maharage.

"Mwakeye."

Wanawake wakashusha mikono kutoka vichwani. Yule mwenye kiko alitaka kusimama, lakini mama alikuwa hajamaliza. Ninyi mnajua kwamba salamu yetu haikatwi vipande; ukiianza, unaifikisha mwisho. Akavuta pumzi. "Watoto wameamkaje?" Akavuta tena. "Na ng'ombe?" Yule mama akaitikia kila swali, amepiga magoti sasa, kana kwamba wamekutana kisimani. "Na mvua huku?" Mvua ilikuwa njema. Mama akafumba macho, na nilidhani ndiyo mwisho wa kila kitu. Kisha akasema, "Kiko chako, mama. Kinaninukia. Kisogeze."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani mwangu. Yule mama alikitoa kiko kinywani akakizima kwa kidole gumba. "Huyu hafi!" akawapigia wanaume kelele. "Anayechagua moshi ana kazi bado na dunia. Mnasubiri nini? Majani yako wapi?" Wakakimbilia migombani. Naye Ntakije, niliyesema hakuna aliyemwona akicheka, aligeuka akakitazama kichaka kwa muda mrefu kuliko kichaka kilivyostahili.

Nilingoja kupigwa. Senge alikuwa tayari ameshavunja kijiti. Ntakije akamzuia, akachuchumaa mbele yangu. "Kuanzia sasa utatembea kichwani kwa mama yako," akasema. "Uwe unamwona akipumua. Na kibuyu ni chako kukitazama." Hivyo ndivyo nilivyotembea mpaka Makere, na kutoka Makere kupanda mpaka Kasulu penye baridi, na kutoka Kasulu mpaka Kabanga: jicho moja kwenye maji na jicho moja kwenye kifua cha mama. Watu wa yule mama walitimiza neno. Walivuka mpaka wao, wakavuka na wa jirani zao, na vijana wa vitongoji vya mbele walipokuja kupokea, wao walitoa nusu ya mabega na kubakiza nusu.

Kabanga ninachokikumbuka zaidi ni harufu, kali na safi, iliyoosha ile niliyoizoea. Waliupasua mguu, wakautoa uchafu, wakampa sindano. Senge alikatazwa kuchora masizi, naye aliendelea kuchora kwa siri. Asubuhi moja alifunua shuka la mama akanionyesha: mstari mpya haukuhitajika. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya mstari wa jana. Ntakije alipoonyeshwa aliinamisha kichwa mara moja kukubali, akaitwaa machela, akaondoka kurudi Busunzu bila kusubiri chakula.

Mama alikaa huko mpaka maharage aliyoyapanda yakavunwa na watu wengine. Siku ya kuondoka, baba alisema ataita watu wambebe. Mama akakataa. Akasema, "Nilikwenda nimelala, sikumwona mtu. Niliona mbingu na shingo. Sasa nataka kuona nyuso." Akakata fimbo. Mguu wake ulikuwa mwembamba na wenye shimo, na tulitembea kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano njiani, lakini alitembea.

Ndipo nilipoielewa asante. Kila kitongoji tulichokipita, mama alisimama uani, akapiga makofi, akaanza salamu, akaifikisha mwisho wake, kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyebebwa. Wengi hawakumkumbuka. Walikuwa wamebeba wengine tangu siku ile. Lakini yeye aliwajua kwa sauti. Alikaa na kusikiliza wanaume wakizungumza, kisha akamnyoshea mmoja kidole: "Wewe ulikuwa na kikohozi. Umepona?" Na mwingine: "Wewe ulikuwa ukihesabu ng'ombe wa mahari njia nzima. Umeoa?" Wakashangaa, wakacheka, wakamwita mwenzao aje aone. Siyo kila mtu waliyembeba alirudi, na kwa wengine walirudi ndugu zao tu, wamenyoa vichwa kwa msiba. Kwa hiyo walipomwona mtu mzima na miguu yake, mabega yao yalipewa habari. Sijaona mtu akishukuru kwa kazi kubwa namna ile, akiwa na mguu ule, mlima baada ya mlima. Yule mwenye kiko alimkaribisha na kumtandikia mkeka upande ambao upepo haukuleta moshi. Akamwambia, "Umechelewa. Tulishaanza kukusengenya."

Nilipokuwa mtu mzima, watu wa Burundi walipita kwetu wakielekea kambini, wengine na wazazi wao mgongoni. Nilitoka. Sikuuliza majina.

Sasa, Eliya, hiki ndicho utakachotunza. Usitunze picha yangu. Nimekunjamana na haina faida. Tunza majina ya mahali kwa mpangilio wake, kutoka Busunzu mpaka Kabanga, na vile vitongoji ambavyo mimi sikuambiwa majina yake, waulize wenyeji ukayaandike. Wale watu hatukuwajua kwa majina, kwa hiyo hatuna pa kuwatunzia ila mahali. Unapopanda basi la Kasulu, usizibe masikio kwa nyuzi zako za simu ukapita pale kama gunia. Shuka Makere. Ingia kwenye ua wowote, salimu, na usiikatize salamu hata kama basi linapiga honi. Wakikuuliza unamtafuta nani, waambie wewe ni wa Nyabenda, na kwamba ukoo wake bado unatembea.